Mapazia ya Nyumba ya Baharini

Nilisikia cherehani kabla sijaona kitu. Mtaa wetu wa Kings Heath, mjini Birmingham, Uingereza, ulikuwa gizani, maana baridi ile umeme ulikatwa kwa zamu, nami nilisimama mlangoni na sanduku langu bila kujua mguu niutie wapi. Juu ya ngazi chuma kilitafuna kitambaa, kikapumua, kikatafuna tena.

"Pita, mwanangu, pita! Ifuate sauti," shangazi aliita. "Cherehani ya mkono haina habari na umeme."

Mshumaa ulipowashwa nilimwona dada yake baba, kanga juu ya sweta, ameinamia cherehani aliyoipakata mapajani njia nzima kutoka Unguja. Kitambaa cha buluu kilimiminika kutoka mezani hadi sakafuni. Yalikuwa mapazia, marefu kuliko dirisha lolote la nyumba ile.

"Shikamoo, shangazi. Ya wapi haya?"

"Marahaba. Ya nyumba ya baharini."

"Nyumba gani?"

"Asiyokuwa nayo," mumewe alijibu kutoka kiti cha pembeni.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika nyumba ile kuwa mwanafunzi, na hivyo ndivyo nilivyoijua hamu ya shangazi yangu hata kabla sijaonja chai yake. Alikuwa muuguzi katika hospitali kubwa kule Harborne. Birmingham imekaa katikati ya nchi. Uelekee upande gani, bahari iko mbali. Kila siku shangazi alirudi kutoka kazini miguu imevimba, akajaza beseni maji ya moto, akatia gao la chumvi, akatumbukiza miguu na kufumba macho. "Maji yamejaa leo," alikuwa akisema. Nilidhani ni mzaha wake tu. Siku moja nikamwona akionja maji yale kwa ncha ya kidole.

Kiangazi kilichotangulia alikwenda Uhispania na wauguzi wenzake, kama walivyoanza kwenda wafanyakazi wengi wa mji wetu. Katika mji mdogo wa wavuvi aliiona nyumba nyeupe inayouzwa, madirisha yake mawili yakitazama maji. Wenzake walipokuwa wakijipaka mafuta ya jua, yeye alivua kanga yake ya mabegani akayapima madirisha yale. Kwa vipimo vya kanga hiyo ndivyo alivyoshona.

Dalali wa nyumba za huko alikuwa na ofisi hapa Birmingham, katikati ya mji. Jumamosi moja alikuja mwenyewe, koti zuri, viatu vinang'aa, akanywa chai ya tangawizi akakohoa kwa heshima. Alitandaza hati mezani na kumpa shangazi kalamu.

Shangazi hakuipokea. "Jirani amesemaje?"

"Jirani yupi, bibi?"

"Ninayechangia naye ukuta. Ameulizwa?"

Dalali alimtazama mume, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayetafuta mlango wa dharura. Shangazi akamweleza pole pole, kwa Kiingereza chake cha wodini, kwamba kwetu nyumba ikiuzwa, mwenye haki ya kwanza ni jirani. Akiitaka, ni yake. Asipoitaka, mnunuzi hubisha hodi, hukaa, hujulikana, ndipo akatia mkono wake kwenye karatasi.

"Bibi, yupo bwana mmoja wa hapa hapa mjini, mtaa wa Great Barr, anaitaka nyumba hiyohiyo," dalali alisema. "Yeye hana swali la jirani. Jumamosi ijayo itabidi nimpe."

"Basi nitakwenda kabla ya Jumamosi ijayo."

Mlango ulipofungwa, mumewe alipiga makofi. "Bibiye, unanunua nyumba au unapeleka posa?"

"Wewe ulipoleta posa hukumuuliza jirani yeyote," shangazi akamjibu. "Wangekwambia nilivyo."

"Wangeniokoa!"

Tulicheka. Lakini baadaye, akiosha vikombe, alisema jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Alisema nyumba ya wazee wetu mjini Unguja ilipata wenyewe wengine katika yale mapinduzi, na hakuna aliyebisha hodi. "Sitaingia nyumba ya mtu hivyo. Hata kama ni kwa haki. Hata kama ni kwa wageni." Akapangusa kikombe, akaangua kingine kabatini, akapangusa hicho nacho, ingawa kilikuwa kikavu.

Siku moja kabla ya safari alipika halua mchana kutwa, nami nilishika mwiko hadi mabega yakafa ganzi, jikoni kote kukinukia iliki na zafarani, madirisha yametoa jasho. Akaijaza katika mkebe wa bati, akaomba ruhusa kazini, akaondoka.

Aliporudi uso wake ulikuwa umepata jua. Jirani alikuwa bibi kizee mjane, amevaa nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Hawakuwa na lugha moja. Mhudumu wa mkahawa ndiye aliyewafasiria. Bibi yule hakuwa na uwezo wa kununua nyumba. Ila kisima chake cha maji kilikuwa ndani ya ua wa nyumba ile, na hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa inauzwa.

"Nikamwambia mlango wa uani hautafungwa maisha yangu," shangazi alisema. "Akanishika mikono hivi. Halua ameilamba mpaka vidole."

Alikuwa bado na koti mwilini simu ilipolia. Dalali alisikitika sana. Mwenye nyumba hakutaka kungoja hiyo Jumamosi. Bwana wa Great Barr alikwisha kutia sahihi.

Mumewe, mtu wa mizaha, aliinuka akajaza beseni maji ya moto, akatia chumvi, akaliweka miguuni pa mkewe. Mapazia yalikunjwa yakaingia chini ya kitanda. Cherehani ikanyamaza.

Nilikuwa kijana wa vitabu, na wenzangu niliosomeana nao hadithi siku za Jumapili walisema shangazi yangu ameponzwa na ada za zamani. Nilitaka kuwabishia. Nilichokuwa nacho kichwani ni picha ya mwanamke asiyenung'unika.

Kisha, miti ya mtaani ilipoanza kuchipua, ukaja mzigo kutoka Uhispania. Ndani ulikuwa mkebe wetu wa bati. Shangazi aliushika, akautikisa, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Haukurudi mtupu! Mwaona? Na huko pia chombo hakirudi kitupu!" Ulikuwa umejaa vitamutamu vya lozi. Juu yake iliwekwa picha ya nyumba ya yule bibi mwenyewe, na madirisha mawili madogo ya ghorofani yamezungushiwa wino. Nyuma yake mhudumu wa mkahawa ameandika kwa Kiingereza cha kubahatisha: watoto wa bibi wamehama, vyumba vya juu ni vitupu, anataka kumuuzia jirani yake.

"Jirani yake," shangazi alirudia, akakaa kitako ngazini.

"Nilikwambia ni posa," mumewe alisema. "Wamekubali."

Madirisha ya ghorofani yalikuwa madogo kuliko yale aliyoyapima kwa kanga. Jioni ile mapazia yalitoka chini ya kitanda, mkasi ukapita, na cherehani ikaanza tena kutafuna. Kwa vipande vilivyobaki alishona mito ya kuegemea. Mmoja ninao hadi leo, ndio ninaouegemea ninapoandika.

Walisafiri kiangazi kwenda kwa yule bibi, asubuhi na mapema. Shangazi alikwisha kuwaaga majirani wa kulia na wa kushoto tangu jana yake. Mumewe alitangulia na masanduku. Yeye alisimama kizingitini, furushi la buluu kwapani, mimi bado na nguo za kulalia.

"Twende, bibiye! Bahari haihami, lakini basi linahama!"

"Nakuja, bwana." Akaniinamia sikioni. "Jirani wa kushoto ana mtoto mchanga. Usije ukaubamiza mlango huu."

Akatoka, akauvuta mwenyewe, taratibu, kiganja chake kikiuzuia hadi mwisho, na kitasa kikaingia mahali pake bila kumwamsha mtu.