Dume Aliyebaki Peke Yake

Mtaani walimwita Mama Panya, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kutunza panya wa maabara, panya waliozaliwa na kinga ya mwili inayowageuka wenyewe. Ngozi inakakamaa, viungo vinavimba, figo zinakufa, yote hayo kwa mnyama mmoja. Mdogo wake, fundi cherehani aliyeishi naye, aliugua vivyo hivyo, maradhi juu ya maradhi. Kila jioni alimpokea kwa utani, "Haya dada, wenzangu wameshindaje?"

Siku za karibuni jibu lilikuwa zuri. Madume wa kizimba kimoja walikuwa wakijaribiwa dawa mpya, na ngozi zao zilianza kulainika. Mdogo mtu akaanza kuzungumzia kushika tena sindano.

Kwa miaka mingi Mama Panya alikuwa ametunza majike tu; madume hawa walikuwa wa kwanza kwake. Jike aliyefiwa na wenzake huhamishiwa kizimba kingine, akapokelewa, wakalala wamelaliana. Kwa hiyo alipoona dume mmoja amebaki peke yake, kajikunyata pembeni, alimwonea huruma kwa mazoea yale yale. Akamtia kwa wale wa dawa, akazima taa, akaenda zake.

Asubuhi kuta za kizimba zilikuwa nyekundu. Mgeni alikuwa amepasuliwa tumbo. Wenyeji walikuwa wamenyofoka mikia, migongo imechunika, na bado walirukiana, meno yamejaa manyoya.

Daktari wa utafiti alitazama, kisha akauliza, "Mama, umechanganya madume? Dume hampokei dume mgeni."

"Alikuwa mpweke, daktari."

"Ngozi hii haisomeki tena. Kidonda cha meno na cha ugonjwa nitavitenganishaje? Wamalize wote."

Mama Panya akawamaliza. Kidole gumba nyuma ya shingo, mkia ukavutwa kwa nguvu, mfupa ukalia. Mmoja alimng'ata hadi glavu ikatoboka. Akamvunja shingo huku damu yake mwenyewe ikimchuruzika.

Jioni hakusubiri kuulizwa. "Nimewaua wenzako. Kosa ni langu."

"Na dawa?"

"Tunaanza upya. Wengine wazaliwe, wakue."

"Halafu wapewe?"

"Waugue kwanza."

Mdogo mtu akacheka. "Panya umemhurumia! Mimi je, dada?" Akakwapua kikombe cha chai ya moto amrushie usoni. Vidole vikashindwa kukibana; chai ikammwagikia yeye mwenyewe mapajani. Mama Panya alipoinama kumfuta, alipigwa kofi, kisha jingine, kwa mkono mkavu kama ubao. Hakujikinga.