Vitambaa vya Gari Kwenye Chanja za Dagaa

Wiki aliyoolewa dada yangu, hatukuwa na gari la kumpeleka Ujiji kwa mumewe. Dada alikuwa ametoa ombi moja tu kuhusu harusi yake yote: asishuke kwenye bajaji mbele ya mashangazi wa mume. Chakula tupike tutakavyo, ngoma ipigwe au isipigwe, ila bajaji hapana.

Gari la kufaa mtaani kwetu Mwanga lilikuwa moja, la jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya meli. Ni gari dogo jeusi linalong'aa kiasi kwamba kina mama wakipita husimama kujitazama mlangoni na kuweka mtandio sawa. Halijawahi kuazimwa. Mama alipokwenda kuliomba, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na ndoo iliyojaa vitambaa vya kufutia gari na glovu mbili za kuoshea, zenye manyoya manene kama viwavi.

"Gari mtapata, na nitaliendesha mwenyewe," alisema. "Lakini kwanza mnifulie hivi. Jumamosi asubuhi nitavikagua. Vikiwa sawa, mtaoshea gari na bibi harusi atapanda. Visipokuwa sawa, bajaji zipo."

Mama alinikabidhi ndoo ile. Alisema nimesoma na sina kazi, kwa hiyo hii ni kazi.

Nilikwenda kwa mzee kupata maelekezo. Vitambaa vile vina nyuzi laini sana zinazonasa vumbi badala ya kulisukuma, ndiyo maana havikwaruzi rangi. Visifuliwe pamoja na nguo za pamba, maana vitaokota nyuzi zake. Visitiwe dawa ya kulainisha nguo. Maji yasiwe ya moto. Glovu igeuzwe ndani nje na kusuuzwa hadi maji yatoke safi. Na kubwa kuliko yote: kitambaa kikianguka chini, hata kikiokotwa papo hapo, kimeshushwa cheo. Hakigusi bodi tena. Kinakwenda kufuta rimu mpaka kichakae, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kuchora mstari kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma.

Mtu mwingine angeshukuru na kuondoka. Mimi nilifika getini nikarudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Si umenisalimia sasa hivi?"

"Samahani. Chini ni wapi?"

"Chini?"

"Kikiangukia ndani ya beseni, na beseni lenyewe liko chini, kimeanguka chini?"

Mzee alivua miwani. "Kijana, wewe huwa unalala?"

"Kidogo."

"Beseni si chini."

"Na kikiangukia mguuni kwangu?"

Nilidhani atanifukuza, lakini alifikiri kweli. "Cha bodi kikiangukia mguuni, kinashuka kuwa cha kioo," alisema. "Nenda."

Nilifua Alhamisi alfajiri. Sabuni ya nyumbani kwetu ni ya mawese, na hapo nilikaa kwenye kigoda muda mrefu. Mawese ni mafuta. Mafuta yataziba nyuzi. Nyuzi zikiziba, vumbi halitanaswa, litaburuzwa. Gari litakwaruzwa, mzee atalirudisha bandani, dada atapanda bajaji, na mashangazi wa Ujiji watalisimulia jambo hilo mpaka kwa watoto wa watoto wake. Nikaenda dukani kununua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Kufua kukaisha, kukaja kuanika. Kamba zetu zilikuwa zimejaa vitenge vya mama wadogo waliokuja harusini, vyote vya pamba, vyote vikipepea. Barabarani vumbi lilikuwa likipanda kila gari likipita. Ndipo nikakumbuka Kibirizi.

Mama hukausha dagaa ufukweni Kibirizi, juu ya chanja, zile meza ndefu za wavu zilizoinuliwa ili dagaa wasiguse mchanga. Wiki ile ilikuwa ya mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, dagaa hawazifuati taa za wavuvi, kwa hiyo mitumbwi haitoki na chanja hubaki tupu. Upepo wa ziwa, wavu uliotandazwa, hakuna pamba, hakuna vumbi: nililipima wazo lile kila upande na sikuona kasoro, jambo ambalo lingepaswa kunitisha. Nikasugua chanja ya mama kwa nusu siku, mpaka mwanamke mmoja mbeba mizigo akaniuliza kama chanja ndiyo inayoolewa.

Nilivipanga vitambaa kwa cheo: vya bodi, vya kioo, vya viti, vya rimu, kisha glovu mbili pembeni. Nikaanza kuvigeuza kimoja kimoja. Mtu wa ushuru akaja akasimama.

"Mwakeye," alinisalimia kwa Kiha, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikwishapita utosini. "Samaki gani hawa?"

"Si samaki. Ni vitambaa vya gari."

"Viko kwenye chanja."

"Ndiyo."

"Na unavigeuza."

"Vikauke pande zote."

"Hata wenye dagaa huniambia hivyo hivyo." Aliinama akaitazama glovu. "Na hiki chenye manyoya?"

"Muache, kaka," yule mbeba mizigo alipaza sauti. "Huyo ni kuhe. Kazeeka ziwani akaota ndevu."

Watu walicheka. Kuhe ni samaki mkubwa na hana unyoya hata mmoja, lakini mtu wa ushuru alikuwa amekwishatoa kalamu. Nilianza kumweleza samaki ni nini. Nilikuwa nimefika kwenye mapezi wingu likatanda.

Kibirizi mvua ikitaka kunyesha, hakuna cha mwenyewe. Kila mtu anakusanya kilicho kwenye chanja iliyo karibu naye, na wenyewe watajuana baadaye. Hakuna anayeuliza. Wanawake walitimka na mifagio na viroba wakaivamia chanja ya mama. Nilitaka kupiga kelele wasiguse, nikatafuta namna ya kulisema hilo bila kuwavunjia heshima watu wanaonisaidia, na kabla sijaipata walikuwa wamemaliza. Fagio lilisukuma, kiroba kilipokea. Vya bodi vilirukia juu ya vya rimu. Glovu moja ilipaa na upepo, mtu wa ushuru akaidaka kwa kofia yake.

"Samaki wako huyu!" alisema, akakimbilia kibandani.

Hakuna kilichogusa mchanga. Nililiona hilo kwa macho yangu. Lakini viroba vilikuwa vya dagaa.

Ijumaa nzima nilifua. Nilichambua magamba kwenye glovu kwa kitana. Maji yalitoka safi, nyuzi zilikuwa laini, na harufu ilikuwa palepale. Nilikwenda kumwambia dada, aliyekuwa amekaa na hina mikononi.

"Vinanuka dagaa," nikasema.

"Nyumba hii yote inanuka dagaa. Umehamia leo?" Kisha akaitazama mikono yake. "Lakini gari litakuja, eh?"

Nilirudi kwenye beseni.

Jumamosi asubuhi mzee alivipokea akiwa amesimama. Alikipitisha cha kwanza nyuma ya kiganja, kisha shavuni. Halafu puani. Akatulia hivyo, kitambaa usoni.

"Vililala wapi?"

"Kibirizi, mzee. Kwenye chanja."

"Vilianguka chini?"

"Hapana."

"Hata kimoja?"

Ningeweza kuishia hapo. "Glovu moja iliangukia kofia ya mtu wa ushuru."

"Kofia safi?"

"Ya kazini, mzee."

Alifikiri. "Hiyo inabaki ya bodi."

"Na harufu?" nilimuuliza mimi mwenyewe, wakati yeye hakuwa ameuliza.

"Harufu haikwaruzi," alisema, akafungua bomba.

Tuliosha. Gari liling'aa kama kawaida yake, na lilinuka kama soko. Dada alipanda, mama akakaa pembeni yake, mimi mbele. Tulipoingia Ujiji paka wa kwanza alitokea ukutani. Mtaa wa pili walikuwa wengi, wakitembea nyuma yetu kwa utaratibu, mikia juu, na mzee akipunguza mwendo asiwakanyage, hivyo wakawa kama msafara wetu.

Mashangazi wa mume walikuwa wamejipanga mlangoni. Mkubwa wao alifungua mlango wa gari, akavuta pumzi, akawatazama paka.

"Jamani, huyu kaletwa na gari au na dagaa?"

"Na gari," mama alijibu. "Dagaa wamesindikiza."

Shangazi alicheka mpaka akashika boneti, mzee akashtuka, na vigelegele vikaanza. Dada alishuka taratibu, kama alivyotaka, mguu mmoja kisha mwingine, wakamshika mkono wakaingia naye ndani.

Mimi nilibaki nje na mzee kulilinda gari. Paka walikaa kulizunguka, na walikuwa na subira kuliko sisi.