Ukelele wa Saa Nane

Ragnfrid alikuwa akimenya viazi aliposikia mumewe, Brynjulv, anapiga ukelele bandani, na kisu kikamponyoka. Ukelele wenyewe haukuwa na kasoro. Ulikuwa ule ule aliousikia kila Desemba kwa miaka arobaini na mitatu, wa kutoka tumboni, wa kuwashtua kondoo zizini. Kasoro ilikuwa saa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane mchana, na togwa ya pombe ilikuwa imetoka motoni saa saba na nusu. Ukelele ule haukupaswa kusikika kabla ya jioni.

Katika bonde lile mtu hatii chachu kimyakimya. Akishaimwaga ndani ya pipa, huinama juu yake na kupiga ukelele kwa nguvu zote alizojaliwa, maana pombe iliyotiwa chachu kwa woga huwa pombe ya woga, na wageni wakiinywa hukaa wakitazama viatu vyao. Kwa hiyo kila aliyekuwa nje mchana ule alijua kwamba Brynjulv ameshatia chachu. Togwa ilikuwa bado ya moto wa kuunguza mkono, na chachu haipikwi. Ikitiwa kwenye moto hufa.

Alikimbia uani na ndara za jikoni, theluji ikimwingia vidoleni.

Brynjulv alikuwa amesimama kando ya pipa, mikono kiunoni, uso umemwiva kwa mvuke, anacheka. Ragnfrid hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu kiangazi.

“Umenisikia?”

“Nimekusikia mpaka jikoni.”

“Basi jirani Steinar naye amenisikia. Akija, aje na kikombe chake yule mlafi. Vyetu anavivunja.”

Ragnfrid alichovya kidole pipani akakitoa upesi, kikawa chekundu. Akakificha kwenye aproni.

“Brynjulv, chachu kavu umeiweka wapi? Ile ya mfukoni.”

“Nimetia.”

“Na ya kopo?”

“Nimetia pia. Mwaka huu nataka pombe ya watu wazima, bibi wewe, si maji ya kunawia.”

Kopo lilikuwa juu ya benchi, tupu, safi kabisa. Alikuwa amelisuuza kwa togwa ya moto ili hata tone lisipotee. Hakuna mtoto wa bonde lile asiyejua kwamba chachu hutiwa nusu na nusu hubaki. Brynjulv alifundishwa hilo na baba yake kabla hajafundishwa kufunga kamba za viatu, na baba alifundishwa na babu. Chachu ile ilikuwa nyumbani mwao kabla hakujawa na barabara. Ragnfrid alitaka kumzaba kofi. Alitaka pia kumkumbatia na kulia. Alichofanya ni kufunika pipa na kusema, “Vizuri. Njoo ule.”

Nani anamjua Brynjulv? Nje ya bonde, hakuna. Miaka thelathini na moja aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani, alifuga kondoo ishirini, aliimba vibaya kanisani, na mtoto hawakujaliwa. Wanaume wengine wa rika lake walivua samaki siku za mapumziko, wengine walicheza karata. Yeye alipika pombe. Hakuwahi kuuza hata chupa moja. Aliyemuuliza bei alitazamwa kama mtu aliyeulizia bei ya Ragnfrid. Aliichemsha katika sufuria kubwa ya shaba, kwa maji yaliyolowekwa matawi ya mreteni, kile kichaka chenye harufu kali, kwa saa nne nzima, na alipotoka bandani alinuka moshi hadi Jumapili. Na pombe yake ilikuwa na harufu ya ganda la chungwa, ingawa chungwa halikuwahi kukaribia pipa lile. Hiyo ilikuwa kazi ya chachu. Ungeweza kumfunga mtu kitambaa usoni, ukampa kikombe, akakwambia yuko nyumba gani.

Kisha, miaka miwili nyuma, akaanza kumwita mbwa aliyekwisha kufa. Akaweka viatu kwenye oveni. Ragnfrid alificha, akawaambia watu kwamba mzee amechoka, kwamba masikio yamezeeka. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na haikuhitajika hata kifo. Mwezi wa nane dereva wa basi alimkuta Brynjulv barabarani kwenye mvua, hana suruali, akitafuta gari lake la theluji.

Tangu hapo Torill, muuguzi wa wilaya, alikuja kila Jumanne. Alikuwa mwanamke mpole asiyezunguka maneno. Jumanne iliyopita alinywa kahawa yake mpaka mwisho, ndipo akasema kuna chumba kimepatikana katika nyumba ya wazee kule karibu na ziwa.

“Ukikikataa kinapewa mwingine, Ragnfrid. Sikutishi. Ndivyo mambo yalivyo.”

“Apike kwanza pombe ya Krismasi. Mtu anayeweza kupika pombe ya kwao hajapotea.”

“Na akishindwa?”

“Akishindwa nitakupigia mwenyewe.”

Na tangu alfajiri ya siku ile hakushindwa! Hilo ndilo lililomuuma. Aliwasha moto mwenyewe, akapima kimea kwa ndoo bila kukosea, akapanga matawi chini ndani ya pipa kama alivyopanga sikuzote. Mikono yake ilikumbuka yote ambayo kichwa kilisahau. Ragnfrid alichungulia mlangoni mara tatu, na mara ya tatu alifukuzwa. “Nenda jikoni, mwanamke, unanitia baridi!” Akaenda, moyo mweupe, akaanza kumenya viazi. Kilichobaki kilikuwa kusubiri tu, togwa ipoe, na kusubiri ndiko Brynjulv alikokusahau.

Alipolala kidogo baada ya chakula, Ragnfrid alimpigia simu Steinar, jirani yao wa ng'ambo ya shamba.

“Steinar, ile chachu tuliyokupa wakati ule. Bado unayo?”

“Mimi? Tangu wanitie nyonga ya chuma napika kahawa tu. Ilioza kwenye friji, mke wangu akaitupa pamoja na jibini.” Akashusha sauti. “Nilimsikia, Ragnfrid. Nikatazama saa. Nikasema labda saa yangu ndiyo mbovu.”

“Saa yako nzima.”

“Ametia yote?”

“Yote. Ya kopo na ya mfukoni.”

Steinar alitukana, tusi moja tu, polepole, kama mtu anayevua kofia msibani. Desturi ya bonde ilikuwa kwamba chachu ikikufia unakwenda kwa jirani aliyeipata kwako, naye hawezi kukunyima. Lakini jirani yupi? Walihesabu wote wawili kwenye simu. Mzee wa ng'ambo ya mto alikufa, na wanawe wameligeuza banda lake gereji. Wale ndugu wawili wa mlimani siku hizi wananunua bia ya makopo na hawaoni haya. Steinar mwenyewe ndiye huyo. Kila mtu aliacha kuitunza akijua kwamba kwa Brynjulv ipo.

“Mjini kuna duka,” Steinar alisema mwishoni. “Linauzia vijana wanaojifunza kupika. Wana chachu ya pakiti. Naweza kushuka kesho asubuhi.”

“Ya pakiti.”

“Si yenu, najua. Lakini itachachua. Yeye atajuaje, Ragnfrid? Juzi aliniita kwa jina la baba yangu.”

Ragnfrid alitazama kupitia mlango wa sebuleni. Mumewe alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, bado akinuka moshi. Angeweza kumwamsha na kumwambia ukweli. Angelia, pengine angevunja kitu, lakini angekuwa analilia chake. Hakuweza.

“Niletee,” alisema.

Kesho yake, Brynjulv akiwa bafuni, Ragnfrid aliimwaga pakiti pipani mwenyewe. Hakupiga ukelele. Angepigaje, na mume angesikia? Aliinama juu ya pipa, midomo imefumbwa, akajihisi mwizi katika banda alilolifagia miaka arobaini.

Hapo likazuka jambo lingine. Chachu ya nyumbani ilikuwa na pupa, siku mbili ilimaliza kazi, na siku ya tatu majirani walikuja kuonja bila kualikwa. Ya pakiti ilikwenda mwendo wa konokono. Siku ya tatu povu ndiyo kwanza linapanda, na Brynjulv amevaa shati safi amekaa mezani.

“Leo siku ya tatu. Watu wako wapi?”

“Ya tatu? Jana tu umepika.”

Alimtazama mkewe, akatazama mikono yake, kisha akaona haya. “Jana,” alisema. “Ndiyo. Jana.”

Na siku ya nne alimwambia vivyo hivyo, na ya tano. Kila asubuhi alivaa shati, na kila asubuhi aliambiwa jana. Ugonjwa ambao Ragnfrid aliulaani usiku na mchana, sasa aliutumia kama mtumishi. Siku ya sita Brynjulv hakuuliza tena. Alikaa tu dirishani na shati lake, na kimya kile kilimuumiza Ragnfrid kuliko maswali yote.

Siku ya nane alimwita Steinar na mkewe, na wajane wawili wa jirani. Walikuja alasiri na vikapu vyao. Ragnfrid alitandaza mikate laini ya viazi, siagi, na mbavu za kondoo zilizokaushwa kwa chumvi. Brynjulv aliamka kama mtu aliyemwagiwa maji. Alimpokea kila mmoja koti, akateka pombe kutoka pipani kwa mkono usiotetemeka, na akampa Steinar kikombe cha bati.

“Hiki huwezi kukivunja, wewe mlafi.”

“Brynjulv, mwaka jana kiliteleza!”

“Kiliteleza! Kooni ndiko kunakoteleza kwako.”

Wakacheka wote, na Ragnfrid akacheka. Kwa muda wa kukaa na kuinua kikombe aliamini kwamba ameshinda. Wageni walikunywa. Yule mjane mkubwa akasema ni nzuri. Mke wa Steinar akasema ni safi sana, haina hata ukakasi. Steinar alikula ubavu. Wote walijua. Katika bonde lile hakuna ulimi usiojua, na wote walidanganya kwa mapenzi.

Brynjulv alikunywa funda moja. Akalizungusha mdomoni, akameza. Akanusa kikombe. Akanywa tena, taratibu, kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Kisha akakiweka chini na kutazama chumba: jiko, saa ya ukutani, mapazia aliyoyatundika mwenyewe, nyuso za watu. Ragnfrid aliona macho yake yakipita juu ya kila kitu bila kutua. Kile kicheko cha mlangoni kilikuwa kimemtoka usoni chote, na mahali pake pamekaa adabu, ile adabu ya ugenini.

Akasimama. Akampa mkono mjane wa kwanza, na wa pili, na mke wa Steinar, na Steinar.

“Asanteni kwa pombe. Ilikuwa nzuri.”

“Kaa, ndugu yangu,” Steinar alisema. “Unakwenda wapi? Hapa ni kwenu.”

“Hapana,” Brynjulv alisema kwa upole. “Pombe ya kwetu naijua.”

Mwisho akamfikia Ragnfrid, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Nawe mama mwenye nyumba, asante sana. Mmenikaribisha vizuri. Lakini naomba nirudi kwetu sasa. Mke wangu ananingoja, na giza linaingia.”

Ragnfrid alitaka kusema, ni mimi, nitazame, ni mimi niliyetia ya pakiti. Angemweleza nini? Kwamba kwao kulimwagwa pipani siku nane zilizopita, na yeye akafunika na kumwita ale? Siku ile Brynjulv aliua chachu, lakini nyumba alikuwa bado nayo. Nyumba ameiua yeye, kwa huruma na kwa pakiti.

Alimsaidia kuvaa koti. Akamfunga skafu, kwa kuwa nje kulikuwa na baridi na mtu hamwachi mgeni wake aende shingo wazi. Kisha akaenda kwenye simu iliyokuwa ukumbini, akapiga namba aliyokuwa ameiandika kwa penseli ukutani.

“Torill? Ni Ragnfrid. Kile chumba, bado kipo?”

Alisikiliza. Akasema ndiyo, mara mbili. Brynjulv alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, akimngoja kwa heshima amalize.

“Ni gari la kunipeleka nyumbani?” aliuliza.

“Ndiyo,” Ragnfrid alisema. “Ni gari la kukupeleka nyumbani.”

“Mungu akubariki, mama. Wewe ni mtu mwema.”