Bibi Afya na Jiko la Shangazi

Saa nne asubuhi, bibi afya amesimama kwenye mlango wa jiko la shangazi yake, na hajui kama avue viatu au aingie navyo. Mpwa huvua. Afisa wa serikali huingia navyo.

Anavua. Kisha anatoa glavu mkobani na kuzivaa, na shangazi anageuza uso.

“Karibu, mkubwa,” anasema shangazi. Hajamwita hivyo tangu azaliwe.

Huyu ndiye shangazi aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Mtaani hakuna changizo lililopita bila sufuria zake: la msiba, la ada, la paa la shule. Watu hununua chakula kwa sahani, na fedha huenda kwa mwenye shida.

Lakini mwaka huu serikali imeweka masharti. Chakula kinachopikwa nyumbani na kuuzwa kwenye changizo lazima kitoke katika jiko lililokaguliwa, na cha moto kiuzwe kikiwa moto. Masharti yalikuja baada ya watu kulazwa katika mtaa wa pili, wakiwa wamekula nyama kwenye hafla ya kuchangia mgonjwa. Bibi afya ndiye aliyepita wodini kuwauliza walikula nini.

“Kulikuwa na mama mjamzito,” anasema. “Alikuwa anajibu huku ameshika tumbo. Sauti yake bado ninayo.”

Mwezi uliopita zamu ikafika mtaani kwao. Fundi baiskeli wao aligongwa na gari na kuvunjika mguu vibaya, na hospitali ikataka malipo ya upasuaji. Changizo likafanyika uwanjani mwa shule. Bibi afya alikwenda kikazi. Alipofunua ndoo za kuku wa shangazi, hakuona mvuke.

“Nikamuuliza, shangazi, chakula hiki kimelala? Akanijibu, kilale wapi, mimi ndiye sikulala.”

Watu walicheka. Yeye akachovya kipimajoto. Kuku alikuwa vuguvugu, amepikwa tangu jioni na kufunikwa kwenye plastiki usiku kucha. Akazuia asiuzwe.

Kicheko kikaisha. Mzee mmoja akamwambia mbele ya watu: “Umekula jiko hilo mpaka ukapata cheo, leo limekuwa sumu?” Mke wa fundi alikaa chini, akajifunika kanga usoni. Kuku wakazikwa nyuma ya uwanja, na fedha zilizopatikana hazikufika hata nusu. Upasuaji ukaahirishwa.

Tangu siku ile shangazi hajapokea simu yake. Bibi afya anasema usiku akilala anashtuka.

“Najiuliza maswali mawili tu. Nikipitisha mtu akaugua, nitasema nini? Nikizuia na mguu wa yule baba ukaharibika, nitasema nini?”

Changizo la pili ni Jumamosi hii. Shangazi mwenyewe alikwenda ofisini kuomba jiko lake likaguliwe. Mkuu wa ofisi alipotaka kumtuma afisa mwingine, kwa sababu ya undugu, shangazi alikataa katakata.

“Nilimwambia aje yuleyule,” shangazi anaeleza, mikono kiunoni. “Mgeni akinipitisha, watasema nimemhonga. Huyu kila mtu anajua hana huruma.”

Ukaguzi unaanza. Sakafu ni safi, vyombo vinang’aa. Lakini pipa la maji halina kifuniko, na ubao wa kukatia una nyufa zilizoingia weusi. Kuku mbichi na kachumbari hukatwa hapohapo.

“Ubao huu ni wa bibi yako,” shangazi anasema.

“Najua, shangazi.”

“Amelisha watu nao mpaka kaburini.”

Hakuna anayecheka. Bibi afya anasema polepole kwamba leo hawezi kupitisha jiko. Pipa lifunikwe, zinunuliwe mbao mbili mpya, na kuku apikwe asubuhi ileile ya changizo palepale uwanjani, atoke sufuriani kwenda sahanini. Atarudi Ijumaa na mkuu wake, na mkuu ndiye atakayetia sahihi.

Shangazi anakaa kwenye kigoda.

“Yule mama mjamzito wa wodini,” anauliza, “alipona?”

“Mama mwenyewe alipona.”

Shangazi anamtazama. Anainuka, anauchukua ule ubao na kwenda kuuegemeza ukutani uani, mbali na vyombo.

“Mbao nitanunua leo,” anasema. “Kuni watachangia hao waliokutukana.”

Nje, akivaa viatu, bibi afya anasema anataka mtaa upate jiko moja la pamoja pale shuleni, lenye maji na meko, ili wapishi wasibebe vyakula kutoka majumbani wala mpwa asimkague shangazi. Barua ameshaipeleka, jibu bado.

Na Jumamosi?

“Jumamosi nitafika kabla ya kuni kuwaka. Kuku akiiva sawasawa, sahani ya kwanza nitanunua mimi, niile mbele ya watu wote.” Anatazama nyuma, mlangoni. “Kama ataniuzia.”