Nesi Ametukanwa Miaka Yote kwa Neno Nililotoa Mimi

Admin, ficha jina langu na ubadilishe ya hao wengine. Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, mjane, naishi Manyatta hapa Kisumu. Huwa nawasoma mkishauri watu, na wengine mnawatukana kabisa. Leo ni zamu yangu. Nitukaneni mkitaka, lakini mkimaliza mnisaidie.

Miaka ya tisini, ugonjwa ulipokuwa unamaliza watu na hakuna aliyethubutu kuutaja jina, nilikuwa katika kikundi cha akina mama cha kupinga wanaume kupiga wake zao na watu kutenga wagonjwa. Siku za soko tulienda Otonglo, tunaimba na kuigiza. Mimi ndiye nilikuwa naigiza bibi anayepigwa. Watu wanacheka mpaka machozi, wanapiga makofi, halafu kesho yake unasikia mwanaume aliyekuwa amesimama pale mbele kabisa amemvunja mkewe mkono. Yawa! Ilikuwa inachosha. Lakini mimi nilijiona shujaa.

Basi mdogo wa bwanangu akaugua, akakonda, akafariki. Wazee wakasema ni chira, ile laana ya kuvunja mila. Aliacha mke, nitamwita Atieno, na msichana wa miaka minne, Akoth. Boma lao halikuwa mbali na soko hilo. Kwetu wakati huo mjane lazima arithiwe na shemeji. Asiporithiwa haruhusiwi kupanda shamba, na nyumba yake ikivuja hakuna atakayepanda juu kuiziba. Binamu wa marehemu akasema ni yeye atamrithi. Atieno akakataa, akapigwa. Akakataa tena, akapigwa mpaka jicho likafunga.

Akanijia na hilo jicho. Nikamuuliza kwa nini hasemi wazi shida ni nini, kwani ana mwanaume mwingine?

"Mama, nilipimwa kliniki," akaniambia. "Niko nao. Huyu mtu nikimkubali nitamuua, na mkewe pia, na wale watoto wabaki kama wangu."

Alikuwa anamlinda mtu anayempiga! Nililia. Akaniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu aliyejua ni mimi na nesi aliyempa majibu peke yetu.

Wiki hiyo hiyo binamu akampiga tena. Nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa mama mkwe wetu, nikamvuta kando, nikamwambia, "Mama, mkataze asimguse Atieno. Yuko na huo ugonjwa, watakufa wote. Lakini usiseme ni mimi." Nilidhani atamkanya tu kimyamimya, kama mzazi. Mimi, mwenye kuimbia soko zima kuhusu kutunza siri za wagonjwa!

Kesho yake boma lote lilijua. Mama mkwe hakunitaja, hata akaenda kaburini bila kunitaja. Alipoulizwa amejulia wapi, alisema habari imetoka kliniki.

Ni kweli Atieno hakupigwa tena. Hakuna aliyetaka hata kumkaribia. Akawekewa sahani yake na kikombe chake, akakatazwa kuchota maji pamoja na wengine. Omena, wale dagaa wa ziwani aliokuwa anauza pale Otonglo, wakakosa mnunuzi. Wakasema ni yeye alimuua bwanake. Hakumaliza mwaka. Akiwa kitandani aliniambia, "Mama, mchukue Akoth. Wewe ndiye hukunitupa. Yule nesi Mungu atamuona." Nikatikisa kichwa kukubali. Bado namchukia huyo mimi wa siku ile.

Baada ya mazishi kikundi chetu kilienda kliniki kumwimbia nesi nyimbo za aibu. Nilikuwa mstari wa mbele. Alitutazama tu. Baadaye nilimpitia peke yangu, nikamuuliza mbona hakujitetea, na anajua si yeye. Akasema, "Nikisema si mimi, nitakuwa nimekubali kwamba Atieno alikuja kupimwa kwangu. Siri ya mgonjwa siwezi kuitumia kujiokoa." Hakuniuliza kama ni mimi. Muda si mrefu akahamishwa.

Sasa amestaafu, anaishi milango miwili kutoka kwangu, anatembea na fimbo. Akoth, niliyemlea kama mtoto wangu wa kuzaa, hajawahi kuitikia salamu yake. Akija kuniona na nesi yuko njiani, anageuza uso.

Na huyu Akoth ndiye sasa anaongoza kikundi cha akina mama kama kile chetu. Jumamosi ijayo wana mkutano mkubwa Otonglo. Atasimama kwenye maikrofoni asimulie maisha ya mamake, na nesi atamtaja kwa jina. Ameninunulia hata kitenge. "Mama, utasimama kando yangu uwe shahidi," ananiambia. Nilijaribu kusema huyo mzee amsamehe tu. Akaniwakia: "Hata wewe unamtetea? Wewe uliyemuuguza mamangu?" Nikachukua kile kitenge, nikakikunja. Nimechoka na huku kunyamaza kwangu, jamani! Naudhika na mila, naudhika na mama mkwe aliye kaburini, halafu najitazama kwenye kioo, naona ni mimi.

Watoto wangu wote wawili nimewazika. Akoth ndiye pekee anayeniita mama. Nikimwambia ukweli atanitoka, namjua hasira zake. Nisipomwambia, mbele ya watu wote nitasaidia kumzika mama wa watu akiwa hai.

Jana nilimkuta nesi langoni kwake, ameketi anaota jua. Amesikia habari. Akanisalimia vizuri kabisa, halafu akaniuliza, "Mama, Jumamosi nije ama nisije?"

Nilisema maji yangu yako jikoni, nikakimbia. Ndugu zangu, bado anangoja jibu. Nimwambie nini?