Shingo Yangu Kabla ya Usaili

Siku moja kabla ya usaili wa kazi, shingo yangu ilikakamaa ikawa inaangalia kushoto tu. Niliwaza kwamba msaili akikaa kulia atadhani namdharau. Nikaenda kwa mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo, mtaa wa Gerezani, ghorofani juu ya duka la vipuri.

Nililala kitandani, akanishika kichwa. "Legeza shingo, kaka."

"Nimelegeza."

"Hapa ni kama nimeshika nondo. Usifikirie kitu chochote."

Nikaanza kufikiria namna ya kutofikiria, shingo ikazidi kukaza.

Ndipo pazia la upande wa kulia likafunguliwa. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alichungulia.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikigeuka kumwangalia. Shingo ikalia ko! mikononi mwa mtaalamu.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe unayetuchelewesha?"

Mtaalamu aliniambia tayari, niinuke. Sikuamini, maana nilikuwa bado sijaanza kulegeza.

"Kesho nina usaili," nilimwambia. "Je, ikirudi kushoto?"

"Ikirudi, waamkie na hao wasaili," alijibu yule mama, akivua viatu apande kitandani.