Mzee Aliposhika Udongo Wake

Juzi, katika duka la mbegu na mbolea mjini Muhoroni, mzee mmoja aliagiza mbolea ile ile anayowekea mahindi kila msimu. Mkewe hakubishana. Alifungua leso juu ya kaunta, ndani mna udongo wa shamba lao, umepauka kama majivu.

"Baba, shika," alisema.

Mzee akausaga kwa vidole. "Wakati wa mama yangu ulikuwa mweusi."

"Weusi huo ndio kaboni, mabaki ya samadi na majani yaliyooza, Mzee," muuzaji alisema kwa upole. "Mahindi kila msimu bila samadi wala maharagwe ya kurutubisha udongo, inaisha."

Mzee alirudisha udongo kwenye leso. "Basi punguza mbolea, utupimie na mbegu za maharagwe."

Wanaume wengi tungebishana hadi nyumbani. Yeye aliuliza tu samadi inawekwa lini.